Windows ya soo tano na pesa za duka lako

Tumezoea kukuambia hapa: usimpe mtu PIN yako, hakiki jina kabla ya kutuma, na ukipigiwa na mtu anayedai anatoka ofisini kwetu, kata simu. Ushauri huo haujachakaa. Lakini wote unahusu simu, na wateja wetu wengi wenye biashara siku hizi hawamalizi kazi kwenye simu. Mwenye hardware anafungua akaunti ya biashara kwenye laptopu, anapakua taarifa ya malipo ya mwezi mzima, anapanga majina na namba za wafanyakazi kwenye faili moja, kisha anawalipa wote kwa mpigo. Mweka hazina wa chama anafanya vivyo hivyo. Wakala mwenye maduka matatu pia.

Na laptopu yenyewe? Mara nyingi ni ile ya mitumba, ex-UK, iliyonunuliwa mjini ikiwa tupu au ikiwa na Windows inayogoma, ikapelekwa kwa fundi. "Hiyo ni kitu kidogo, bosi. Nakuwekea Windows, Office, antivirus, kila kitu kwa soo tano."

Maoni yangu ni kwamba hiyo Windows ya soo tano ndiyo tundu kubwa katika biashara nyingi ndogo ambazo tayari zinalinda PIN vizuri. Sisemi fundi ni mwizi. Wengi wao ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Tatizo ni mambo ambayo fundi analazimika kuyafanya ili kazi hiyo ikubali: anazima antivirus, anazima masasisho, yaani zile apdeti, na mara nyingi anazima hata kufuli linalolinda mashine inapowaka. Mteja hulipa soo tano ili makufuli yake yote yafunguliwe, halafu anarudi nyumbani akiwa amefurahi. Na kuna njia nyingine ambayo ni halali, haina gharama ya leseni, na haimlazimu fundi kuzima chochote.

Kinachofanyika mezani kwa fundi

Flashi ya fundi huwa na vitu viwili. Kuna Windows yenyewe, na kuna kiprogramu cha kuidanganya Windows iamini kwamba imelipiwa. Watu wanakiita kraki, au aktiveta. Antivirus inakiona kuwa ni adui, kwa hiyo fundi anaizima kwanza. Anakwambia antivirus "inasumbua tu". Mara nyingi antivirus ndiyo iliyosema kweli. Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza jinsi walivyokuta kraki moja maarufu, KMSPico, ikisambazwa ikiwa na programu ya wizi iitwayo Cryptbot ndani yake. Kazi ya Cryptbot ni kuchota nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mwizi hakuhitaji kumtumia mtu kiungo cha uongo wala kumpigia simu. Mwenye kompyuta mwenyewe ndiye aliyemzima mlinzi na kumkaribisha mgeni ndani.

Utasema: PIN yangu iko kichwani, haiko kwenye laptopu, na nikiingia kwenye akaunti ya biashara natumiwa namba ya kuthibitisha kwa SMS. Ni kweli, na inasaidia. Lakini fikiria mambo haya.

Ukishaingia kwenye tovuti yoyote, tovuti inakipa kivinjari chako kitu kama stakabadhi ndogo, kidakuzi, ili usiulizwe nenosiri kila unapobonyeza. Programu ya wizi ikikinakili kidakuzi hicho, mtu aliye mbali anaweza kuingia akijifanya ni wewe bila kuulizwa nenosiri wala ile namba ya SMS, mpaka muda wa kidakuzi uishe au wewe utoke. Ndiyo maana tunakusisitizia ubonyeze kitufe cha kutoka ukimaliza, usifunge dirisha tu.

Au mwizi asiguse mfumo wetu hata kidogo. Akiwa ndani ya laptopu yako anaweza kubadilisha namba moja tu kwenye faili la mishahara kabla hujalipakia. Nani hukagua namba za watu kumi na wawili tarakimu kwa tarakimu, tarehe 30, saa kumi na moja jioni?

Na lile linalonitia wasiwasi kuliko yote ni la wateja wako. Taarifa ya malipo uliyopakua ina taarifa zao na kiasi walicholipa. Tapeli aliye na faili hilo hapigi simu kwa kubahatisha. Anampigia mama mmoja kwa jina, anamtajia alilipa elfu tatu na mia mbili dukani kwako jana, kisha anaanza hadithi ya pesa zilizotumwa kimakosa. Mama ataamini, kwa sababu kila alichoambiwa ni kweli. Na mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wewe uliyelitunza faili hilo una wajibu wa kulilinda. Huwezi kusema ni mambo ya fundi.

Apdeti iliyozimwa

Kuna watu huamini kwamba Windows isiyolipiwa haipati masasisho kabisa. Si hivyo hasa. Kwa kawaida inaweza kuyapata yale ya usalama. Tatizo ni kwamba fundi huyazima makusudi, kwa sababu sasisho likija linaweza kuitambua kraki na kuiondoa, na mteja atarudi analalamika. Sababu nyingine ni bando: apdeti inakula data, na hakuna mwenye duka anayependa kuona giga mbili zimeyeyuka. Hapo simlaumu mtu.

Lakini kumbuka Mei 2017. Programu ya ukombozi iitwayo WannaCry ilizunguka dunia kwa siku chache, ikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa ili kuyafungua. Huko Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Sasa, Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo Machi 14 mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Dawa ilikuwepo. Walioumia wengi ni wale ambao kwa sababu moja au nyingine hawakuiweka.

Kuna hili la karibu zaidi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kwa watumiaji binafsi kuna mpango wa kuongeza mwaka mmoja, hadi Oktoba 13, 2026, kwa kujiandikisha. Windows 11 nayo ina masharti ya kifaa: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, na laptopu iliyotengenezwa kabla ya 2018 kwa kawaida haimo. Tembea kwenye vibanda vya laptopu mjini uone ngapi ni za kabla ya 2018. Mafundi wana njia za kulazimisha Windows 11 ikubali kwenye mashine hizo, na Microsoft imesema waziwazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupewa masasisho. Tumerudi palepale.

Kabla hujalipa chochote, jua jambo moja ambalo mafundi wachache hulisema. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye zina ufunguo wa leseni uliochomekwa ndani ya mashine yenyewe. Yule mwenye ofisi kule Uingereza alishalipa. Fundi akiweka Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft, ya aina ileile iliyokuja nayo, Home kwa Home au Pro kwa Pro, mara nyingi inajikubali yenyewe ikiunganishwa na intaneti, bila kraki yoyote. Muulize fundi ajaribu hivyo kwanza. Wengine wanakuwekea kitu cha wizi juu ya leseni halali uliyokwisha kuinunua.

Leseni inayosema chukua

Njia nyingine ni programu huria. Najua neno lenyewe linasikika kama la mihadhara ya chuo kikuu, lakini kama una simu ya Android tayari unaitumia. Kiini cha Android ni Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka wa 1992 aliiweka chini ya leseni inayoitwa GPL, ambayo chimbuko lake ni Mmarekani Richard Stallman na mradi wake wa GNU.

Leseni ya kawaida ya programu ya kununua ni orodha ndefu ya makatazo. GPL imegeuza mambo. Inakuruhusu utumie programu kwa kazi yoyote, biashara ikiwemo. Inakuruhusu kusoma ilivyoandikwa, kuibadilisha, kuinakili na kuigawa, hata kuiuza. Sharti lake kubwa ni kwamba ukimpa mtu mwingine, umpe na haki zilezile ulizopewa wewe, pamoja na msimbo chanzo. Huwezi kuichukua, kuifunga, halafu ukawanyima walio nyuma yako. Kuna leseni nyingine huria zisizo na sharti hilo, kama MIT na Apache, ila kwa mwenye duka tofauti hiyo si kubwa.

Kubwa ni hili: fundi akitoa Ubuntu au Linux Mint kwenye flashi yake na kuiweka kwenye laptopu yako, hajaiba. Mwenye saiba akiiweka kwenye mashine ishirini, hajaiba. Nchini Kenya programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki kama kazi za fasihi, na kunakili bila ruhusa ni kosa. Hapa ruhusa imeandikwa na kuambatishwa. Hakuna kitu cha kuamilisha, kwa hiyo hakuna kraki. Na kwa kuwa hakuna kraki ya kulindwa, hakuna sababu ya kuzima masasisho. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, ina miaka mitano ya masasisho ya bure, hadi 2029, na yanakuja kwa mfumo wenyewe na kwa programu kuu zilizomo, kivinjari kikiwemo. Hapo ndipo leseni inapokutana na usalama wa pesa zako. Sasisho haliji kama fadhila kwa aliyelipa. Linamfikia kila aliye na nakala.

Watu huniuliza: kama kila mtu anaweza kuusoma msimbo, si hata mwizi anausoma? Anausoma, na si kusoma tu. Machi 2024 iligundulika kwamba programu ndogo ya kubana mafaili, xz, inayotumika ndani ya Linux nyingi, ilikuwa imewekewa mlango wa siri. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akasaidia, akaaminika, kisha akapitisha sumu yake katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ilikuwa kazi ya subira ya kutisha. Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye alishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Alichimba, akaufikia msimbo, akatangaza hadharani Machi 29. Sumu ilikuwa imefika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, haikuwa imefika kwenye matoleo ya kawaida ambayo watu wengi hutumia.

Kisa hicho mimi nakisoma kwa njia mbili na sioni haja ya kuchagua moja. Ni kweli kwamba programu inayotegemewa na dunia nzima ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka, na hilo ni aibu kwa makampuni yote yanayoitumia bila kuichangia. Ni kweli pia kwamba mtu asiyehusika na mradi aliweza kuufungua na kuona kilichomo. Aktiveta ya fundi huwezi kuifungua. Hakuna Freund wa KMSPico.

Tena, GPL inasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote. Ikiharibika, hakuna wa kumshtaki. Watu wa Linux hulipita jambo hilo haraka, nami naona mwenye biashara anastahili kuambiwa. Ila jiulize ni dhamana gani uliyonayo leo kwa Windows ya soo tano.

Kufuli la kuwashia

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawajawahi kulisikia ingawa liko kwenye laptopu zao. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows au Linux haiamki mara moja. Kwanza inaamka programu ndogo iliyo kwenye ubao wa mashine. Hiyo ndiyo inayotafuta mfumo kwenye diski na kuuita. Katika mashine nyingi zilizotoka baada ya 2012, programu hiyo ina askari wa geti anayeitwa Secure Boot. Kazi yake ni kukagua saini ya kidijitali ya kitu cha kwanza kinachotaka kuamka. Kikiwa na saini inayotambulika, kinapita. Kikiwa hakina, kinazuiwa.

Kwa nini geti hilo ni muhimu hivyo? Kwa sababu programu hasidi inayoamka kabla ya mfumo huwa bwana wa mfumo. Antivirus inaamka ikiwa tayari iko ndani ya nyumba ya adui, inaona kile inachoruhusiwa kuona. Machi 2023 kampuni ya ESET ilichapisha uchunguzi wa kitu kinachoitwa BlackLotus, kilichokuwa kikiuzwa kwa dola 5,000 kwenye masoko ya kichinichini, ambacho kilikuwa na uwezo wa kupita Secure Boot hata kwenye Windows 11 na kuzima ulinzi wa Windows kutoka ndani. Kilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Januari 2022. Kuziba hakukutosha, kwa sababu faili la zamani lenye tundu lilikuwa bado na saini halali na geti lilikuwa bado linalitambua; mwizi alikuja na faili hilo la zamani mkononi. Kwa hiyo hata geti linahitaji masasisho, ya kuliambia saini fulani haikubaliki tena. Linux nayo ilipata msukosuko wake Julai 2020, pale tundu lililoitwa BootHole lilipopatikana kwenye GRUB, programu inayoamsha Linux nyingi.

Fundi anapotaka kuwasha flashi yake ya zamani, geti linakataa. Basi anaingia kwenye mipangilio ya mashine, anazima Secure Boot, pengine anabadilisha na kuweka "Legacy". Kazi inakubali. Harudi kuiwasha, na wewe hujui iliwahi kuwepo.

Wengine wanaamini kwamba Linux haiwezi kukaa na Secure Boot. Ilikuwa shida mwanzoni, mwaka wa 2012. Siku hizi Ubuntu, Fedora, Debian tangu toleo la 10 la mwaka wa 2019, na Linux Mint zote zinatumia kiprogramu cha kati kiitwacho shim, ambacho Microsoft imekitia saini. Geti linaitambua shim, shim inaitambua Linux. Ukiweka mojawapo ya hizo kwa flashi iliyotengenezwa vizuri, huhitaji kuzima kitu. Fundi akikwambia lazima azime, muulize kwa nini. Kuna sababu chache za kweli, kama dereva fulani wa kadi ya picha au ya Wi-Fi, lakini hata hiyo mara nyingi ina njia.

Ndiyo, ni kichekesho kidogo kwamba Linux inaomba saini kwa Microsoft ili iruhusiwe kuamka. Kuna watu wamepigana kuhusu hilo kwa miaka mingi, na wana hoja. Kufuli ni zuri, lakini ufunguo anao nani? Swali hilo ni la zamani kuliko Secure Boot. Kampuni ya Marekani ya TiVo ilitengeneza kifaa cha kurekodi televisheni kilichotumia Linux. Ilitoa msimbo kama leseni ilivyotaka, lakini kifaa kilikataa kuamka na toleo ulilolibadilisha wewe. Haki ulipewa kwa karatasi, mlangoni ukazuiwa. Toleo la tatu la GPL, la 2007, lilitungwa kwa sehemu ili kuzuia hilo: anayeuza kifaa cha watumiaji chenye programu ya leseni hiyo anapaswa kutoa na kinachohitajika ili mwenye kifaa aweze kuweka toleo lake. Linux yenyewe ilibaki kwenye toleo la pili, la 1991.

Hapa kwetu swali hilo mtu yeyote aliyenunua simu ya kulipa polepole analielewa bila kufundishwa. Usipolipa ya leo, simu inajifunga. Kufuli linafanya kazi vizuri sana. Ni vile tu si lako. Kwenye kompyuta za kawaida hali ni nafuu: nyingi bado zinamruhusu mwenye mashine kuingia kwenye mipangilio, kuzima geti au hata kuweka funguo zake mwenyewe. Natamani ibaki hivyo. Kuwa na uwezo wa kuzima ni haki yako, na kuzimiwa na mtu mwingine bila kuambiwa ni jambo tofauti kabisa.

Jambo la mwisho kuhusu geti, na lina tarehe. Vyeti vya Microsoft ambavyo Secure Boot imekuwa ikivitumia ni vya mwaka wa 2011, na vinaanza kuisha Juni 2026, kingine Oktoba 2026. Badala yake kuna vya 2023. Mashine isiyopata vyeti vipya haitazimika siku hiyo, usiogopeshwe na mtu anayetaka kukuuzia kitu. Itaendelea kuwaka. Ila haitaweza kupokea masasisho mapya ya ulinzi wa kuwashia, na tundu jipya likitokea litabaki wazi. Vyeti hivyo vinakuja kupitia masasisho ya Windows, au kwenye Linux kupitia huduma ya fwupd kwa mashine nyingi za Dell, HP na Lenovo. Kwa maneno mengine, vinamfikia yule ambaye apdeti zake hazikuzimwa.

Kama ungekuwa mteja wangu dukani

Kwanza angalia ulipo. Kwenye Windows andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, usome mstari wa Secure Boot State. Kwenye Ubuntu fungua terminali uandike mokutil --sb-state. Kisha angalia apdeti ya mwisho iliwekwa lini. Kama ni mwaka jana, au ukiambiwa huduma hiyo imezimwa, basi sasa unajua soo tano ilinunua nini. Mpaka utakapoisafisha mashine hiyo, fanya kazi za akaunti ya biashara kwenye simu yako.

Linux haimfai kila mtu na sitakudanganya. Kama hesabu zako ziko kwenye programu ya Windows pekee, au unatumia faili la Excel lenye makro nyingi, LibreOffice inaweza kulifungua vibaya. Printa nyingine za risiti hazina dereva. Kwa mtu wa namna hiyo, Windows halali ni gharama ya biashara kama kodi ya duka. Lakini kama kazi yako ni kivinjari, orodha ya bidhaa, barua na taarifa za malipo, na ndiyo kazi ya wengi, huhitaji kulipa wala kuiba. Na kampuni za malipo, yetu ikiwemo, zina deni hapa: kila ukurasa wa biashara unapaswa kufunguka sawasawa kwenye Firefox ndani ya Linux kama unavyofunguka kwenye Windows. Ukikwama mahali, tuandikie ukurasa gani.

Usiweke mifumo miwili kwenye laptopu moja ya duka ati ujaribu. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilifanya Linux zilizokaa pembeni yake zigome kuamka kwenye mashine nyingi, na mwenye duka hana muda wa mambo hayo. Ubuntu na Mint zinaweza kuendeshwa kutoka flashi bila kugusa diski. Chukua Jumapili moja, washa kutoka flashi, ingia kwenye Wi-Fi, fungua faili la mishahara, chapisha risiti moja. Ikikubali, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, halafu mpigie fundi.

Na mlipe. Kuweka mfumo safi, kurudisha mafaili, kuunganisha printa, kuhakikisha Secure Boot imewashwa na apdeti zinaingia usiku wakati bando ni nafuu, hiyo ni kazi ya saa mbili au tatu. Inastahili zaidi ya soo tano.